Venye unaweza kufurahia siku za kawaida na kuweka kumbukumbu za familia

Fungua albamu ya familia yoyote hapa Nairobi, iwe Umoja, Kawangware ama Lang'ata, utapata harusi, ubatizo, grajuesheni, matanga, na ile picha ya Krismasi kila mtu amesimama wima na nguo mpya. Jumanne ya kawaida haiko. Lakini uliza mtu mzima ni nini anakumbuka ya kwao mpaka roho inamuuma, hakuambii harusi, anakuambia vile babake alikuwa anagonga mlango jioni, ama harufu ya mafuta taa stovu ikiwashwa asubuhi, ama vile mkate moja ilikuwa inagawanywa watoto wote wakiangalia kisu. Hizo ndio vitu nataka tushike, na tuzishike wakati wenyewe bado wako.

Anza na kitu yenye mnafanya tayari. Usitangaze siku mpya ya familia juu watu watachoka haraka na wewe ndio utabaki unawakimbiza. Kila nyumba iko na saa yake, kwa wengine ni chai ya Jumapili baada ya kanisa, kwa wengine ni usiku mtu wa mwisho akishatoka kwa jam ya Jogoo Road, kwa wengine ni Jumamosi asubuhi watu wakifua. Chukua hiyo. TV izimwe, simu ziwekwe juu ya kabati, na za watu wazima ndio zitangulie, halafu kila mtu aseme kitu moja ndogo ya hiyo siku yenye ilimpendeza. Ndogo kabisa. Makanga amerudisha chenji bila kuulizwa, mvua imeanza ukiwa umeshaanua nguo, mama mboga ameongeza dhania ya bure. Mwanzo watoto watasema "hakuna", waache, wewe sema yako na useme kwa undani, si "siku ilikuwa poa". Ikishazoeleka utaona mtu anaanza kutafuta ya kusema akiwa bado kwa matatu, na hapo ndio faida iko, juu sasa anaiona siku yake ikiendelea badala ya kungojea iishe. Weka daftari ya kawaida ya shule hapo mezani, mtu aandike tarehe, jina, na mstari mmoja. Mmoja tu, ukianza kuandika insha utaacha.

Sasa wazee, na hapa tukae kidogo kwa sababu hapa ndio kuna mali.

Watu wengi wanaenda kwa shosho wanamwambia "shosho, tuambie maisha yako", na yeye anasema nilizaliwa, nikasoma kidogo, nikaolewa, nikapata watoto, Mungu ni mwema, kwisha. Hadithi anazo, ni swali ndio imekuwa kubwa sana. Uliza kitu ya kushikika. Siku ya kwanza umefika Nairobi ulishuka wapi na nani alikuja kukuchukua? Hiyo nyumba ya kwanza mlikodi, maji mlikuwa mnateka wapi, na jirani alikuwa anaitwa nani? Kabla M-Pesa ianze 2007, pesa ya matumizi ilikuwa inafika ushago aje? Hii ya mwisho haijawahi kuniangusha, utasikia za mani oda ya posta, za noti imekunjwa ndani ya barua, za jamaa alipewa pesa apeleke akafika bila kitu, na mzee atacheka mpaka ashike mbavu ama akasirike upya kabisa, na zote mbili ni nzuri. Uliza pia barua zilikuwa zinapitia sanduku ya shule gani, juu familia nyingi hazikuwa na sanduku yao. Uliza mahindi ya manjano ya ile njaa ya 1984, ilikuwa na ladha gani na nani alikataa kuikula.

Ukishauliza nyamaza. Mzee akinyamaza hajamaliza, anatafuta, na ukiharakisha kumsaidia neno unamtoa kwa njia.

Miaka isiwasumbue. Mtu akikuambia "sikumbuki ilikuwa lini", mpe alama: ilikuwa kabla Mzee Kenyatta afariki 1978 ama baada? Maziwa ya Nyayo, ile ya bure ya watoto wa shule wakati wa Moi, ilikuwa imeanza? Ilikuwa kabla ya ile mapinduzi ya Agosti 1982 ilishindwa? Ama karibu na michezo ya Afrika pale Kasarani 1987? Watu wanakumbuka walikuwa wapi hizo siku, hata mwenye hawezi kukuambia alioa mwaka gani. Na mama akisema kabla, auntie aseme baada, andika zote mbili na majina yao, usiamue kesi.

Rekodi sauti. Simu yoyote ya kisasa iko na rekoda, kwanza mwambie unamrekodi na akubali, halafu weka simu mezani karibu na yeye juu ya leso ama kitambaa ili vikombe visigonge, weka airplane mode, na usiishike mkononi juu akiiona ataanza kuongea kama anahojiwa. Aongee lugha yake, Kikamba, Kijaluo, Kimaragoli, chochote, usimlazimishe Kiswahili ati ndio watoto waelewe, tafsiri inaweza kuja baadaye lakini hiyo sauti yenyewe hutaipata tena. Na mahali pazuri mara nyingi si sebuleni, ni jikoni. Niko na rekodi ya mamangu akikanda unga ya chapati huku akieleza vile walihamia Makongeni, na katikati anaacha hadithi, anabonyeza unga na kidole gumba, anasema "bado hii", unasikia maji kidogo, unasikia ngumi zikigonga karai, halafu anaendelea penye alikuwa amefika bila kukosea. Watoto wangu wanarudia hapo kwa "bado hii" kuliko hadithi yenyewe, na siku hizi wanasema hivyo kwa nyumba kila kitu ikichelewa.

Picha za zamani nazo zinataka haraka kidogo. Zile albamu za karatasi ya gundi na plastiki juu zinaharibu picha pole pole, kwa hivyo kama picha inatoka bila kung'ang'ana itoe, na kama imeshika usiivute, ipige hapo hapo na simu. Keti karibu na dirisha mchana, zima flashi, simama usawa na picha ndio pembe zisipinde. Nyuma andika majina na penseli laini, usitumie biro juu inachora mpaka upande wa mbele. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inapunguzwa na sura zinaanza kupotea ukizikuza. Halafu uliza maswali mawili zaidi ya "huyu ni nani": nani alipiga hii picha, na nani hayuko na alifaa kuwa. Kuna picha yetu ya Uhuru Park karibu na zile boti, miaka mingi tulikuwa tunaiangalia tu, ni hilo swali la pili lilitupatia habari ya mjomba mwenye alibaki kwa nyumba akilinda maharagwe kwa jiko.

Kama mzee anaweza kutembea mpeleke mahali penyewe. Mtaa alikodi kwanza, kanisa, stegi, ama Railway Museum kama alikuwa mtu wa reli. Arboretum, ile bustani ya miti, pia iko tangu 1907 na wengi walipelekwa huko wakichumbiwa. Watoto wabebe maji na wawe ndio wanauliza, juu mjukuu anajibiwa vitu wewe hujawahi kuambiwa.

Kuna milango hazifunguki. Mtu akisema "hiyo wachana nayo", wachana nayo kabisa, uliza juu ya chakula. Na kama nyumba imefiwa hivi karibuni usilete albamu kwa nguvu. Pika kile alikuwa anapenda, vile yeye alikuwa anapika, na chumvi yake nyingi kama ilikuwa nyingi, mseme jina lake mezani bila kupunguza sauti. Wengine watalia, wengine watacheka, mtoto ataomba aongezwe.

Rekodi na picha zikae kwa watu wawili wenye hawaishi nyumba moja, nakala moja hata ushago kwa flash disk, juu simu zinaibiwa hii Nairobi. Na kama unaanza wikendi hii, anza na mwenye ana umri mkubwa zaidi, mpigie simu leo umuulize ni saa ngapi huwa hajachoka, na ubebe chaja.