Nesi wa serikali, umehamishiwa Kigoma na una watoto? Tafuta kwanza nyumba inayofaa zamu ya usiku

Barua ya uhamisho ukishaishika usikimbilie kufunga vyombo, isome mpaka mwisho uone safari analipa nani. Kama mwajiri ndo kakuhamisha unadai nauli, gharama za mizigo na posho ya kujikimu ya siku 14, wewe na mwenzi wako na watoto au wategemezi wasiozidi wanne. Lakini kama uliomba mwenyewe au mmebadilishana na mtu basi ujue hiyo hela inatoka mfukoni kwako, jipange mapema. Mimi nilitokea Morogoro, nikalipwa, ila dai langu lilikwama kwa sababu mtoto wa pili sikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, kilikuwa kwa bibi yake. Kwa hiyo cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, barua, leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, tiketi na risiti zote weka kwenye bahasha moja na hiyo bahasha ubebe mwenyewe kwenye mkoba, isiende na mizigo.

Halafu tangulia peke yako. Najua inauma kuacha watoto, lakini ukishuka nao wote stesheni Kigoma bila nyumba utachukua nyumba ya kwanza dalali atakayokuonyesha, na hapo ndo watu wengi tunakosea. Mgeni akifika Kigoma macho yote ziwani, anataka dirisha linaloangalia maji, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nikachukua nyumba chini kabisa karibu na maji, nikalipa miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali juu. Mwezi wa 11 mvua zikaanza, kile kinjia cha kushukia kikawa tope jekundu, boda wakawa wanaishia juu barabarani, nikitoka zamu usiku namalizia kwa miguu, simu mdomoni inamulika, viatu mkononi, na ndani ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu mpaka nyuma ya kitanda. Na hilo ni dogo. Tangu 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda sana, kuna watu nyumba zao zimeingiliwa na maji wakahama, so ukiona nyumba iko chini halafu kodi ni rahisi sana, waulize majirani maji yalifika wapi, usimuulize mwenye nyumba.

Nyumba pima kwa zamu ya usiku. Ukiipenda mchana rudi saa tatu usiku, simama mlangoni, piga simu boda au bajaji uone kama inakuja na inakuja baada ya muda gani, angalia kama njiani kuna taa, angalia kama jirani yupo karibu kiasi kwamba mtoto akipiga kelele atasikika. Hicho cha mwisho kwangu ndo kikubwa kuliko vyote. Ukiwa wodini saa nane usiku una mama anajifungua huwezi kushika simu, na watoto wako wako nyumbani na dada wa kazi ambaye naye ni mgeni wa mji. Mimi baada ya ile miezi sita nilipanda juu mtaa wa Mwanga, ziwa silioni, ila mama mwenye nyumba tunakaa naye uwanja mmoja, nikiwa usiku anagonga dirisha la watoto kabla hajalala, anawaita majina mmoja mmoja mpaka waitikie. Hiyo huduma hakuna kodi inayoweza kuilipa.

Siku ya kuripoti, ongea na inchaji wako, yaani mkuu wa wodi, mapema, mwambie familia inakuja tarehe fulani na uombe wiki hiyo rosta ya zamu ikuweke asubuhi. Wengi wanaelewa ukisema kabla, ukisema baada ya rosta kubandikwa ukutani unamwonea tu.

Shule: hamisha watoto likizo ya mwezi wa 6 au wa 12, na anza kufuatilia uhamisho wao huko wanakotoka kabla hujakata tiketi, kwa sababu taarifa za mtoto ziko kwenye mfumo na shule ya zamani ndo inaanzisha uhamisho. Mwenye mtoto wa darasa la mtihani, ukiweza muache amalize huko kwa shangazi au na baba yake, namba yake ya mtihani ishasajiliwa huko. Sisi mume wangu alibaki na mkubwa mpaka akamaliza la saba, ilikuwa ngumu lakini sijutii.

Mizigo usibebe nyumba nzima. Reli kutoka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na hata ukianzia Morogoro kama sisi bado ni safari ya kulala njiani, ukiwa na wadogo jitahidi upate daraja la kulala. Makochi na makabati uza, mbao na mafundi wazuri huku wapo. Vya kubeba kwa mkono ni neti za kila kitanda, sufuria moja, jiko dogo la gesi, mashuka na sare za shule.

Na neti nazisema kwa uzito. Kwenye utafiti wa malaria wa 2017 Kigoma ndo iliongoza nchi nzima kwa watoto wadogo waliokutwa na malaria, kama asilimia 24, na sisi tunaovaa gauni jeupe ndo tunajisahau, tunawafundisha kina mama kliniki asubuhi halafu kwetu neti imefungwa juu kama pazia. Tundika usiku uleule wa kwanza, hata kama mnalala chini. Mtoto akichemka usimpe dawa ya kabatini kwa sababu wewe ni nesi, mpeleke akapimwe kama mtoto wa mtu mwingine. Maji ya kunywa chemsha hata kama yanaonekana meupe kama kioo.

Chakula mtafurahi. Mawese, ugali wa muhogo, samaki wa ziwani kama migebuka na kuhe, na dagaa wenyewe. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa hawapatikani na sokoni bei inapanda, wenyeji wananunua kwa kuangalia mwezi na wewe utazoea. Kingine, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ukihamia mwezi wa 6 uliza kwanza kama limefungwa, na kama ndivyo mwambie mtu akununulie dagaa wakavu mapema akuwekee.

Sasa ziwa lenyewe. Watoto waliozoea mabwawa ya bara wanaona ni maji tu, wakati hili ni la pili kwa kina duniani, linafika karibu mita 1,470, na sehemu nyingi za ufukwe hazina ule mteremko wa polepole, mtoto anapiga hatua tatu maji ya magoti, ya nne hagusi chini. Watoto wa wavuvi wanaogelea kabla hawajajua kusoma na wa kwako watataka kuwafuata. Usiwakataze kabisa maana wataenda kwa siri, tafuta kijana mtu mzima anayejulikana mtaani awafundishe kuogelea na wewe uwepo. Penye majani na maji yaliyotuama wasiingie, kichocho kipo, na wakishaingia wapime choo usisubiri tumbo livimbe. Upepo ukianza kuvuma na mawimbi yanavunjika meupe wanatoka wote, hata wakilia.

Kwetu tunashuka Jumapili saa kumi jioni kama sina zamu. Kila anayeingia majini lazima nimuone uso, na nikiita mara moja anainua mkono. Zoezi la mkono anza nao ufukweni kwenye mchanga, siku ya kwanza kabisa, kabla hawajalowa.