Kipandikizi cha titi: cha kuangalia ukisharudi nyumbani

Kipandikizi cha silikoni, kile kifuko kilichowekwa ndani ya titi kwa upasuaji, hakina mishipa ya damu, na dawa husafiri kwa damu. Vijidudu vikishakigandia, mara nyingi hapana budi kitolewe. Kwa hiyo wekundu mdogo si wa kungojea boti ya kesho kutwa.

Kinga huanza kabla ya kisu. Tumbaku iachwe angalau wiki 4: sigara, na ile ya kwenye tambuu pia, ambayo wengi hawaihesabu. Nikotini hubana mishipa midogo, ngozi ya titi ikakosa damu na kuwa nyeusi kando ya mshono. Sukari iwe imeshuka. Anayetarajia mionzi ya kutibu saratani amwambie daktari mapema.

Ukirudi na mrija wa kutolea maji ya kidonda, wenye chupa laini mwishoni, asubuhi na jioni osha mikono kwa sabuni, fungua kizibo, mimina maji kwenye kikombe cha vipimo, uandike mililita na saa. Kisha kamua chupa hewa itoke, ufunge kizibo ungali umeibana. Ikifungwa na hewa haivuti, na maji yatatuama chini ya ngozi. Madaktari wengi hutoa mrija maji yakiwa chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Ukikaa sana unakuwa mlango wa vijidudu.

Mara nyingi msuli wa kifua ndio unaokifunika kipandikizi. Kuinuka sijdani kwa kusukuma mikono, kukuna nazi na kubeba ndoo huukaza, basi sali umekaa mpaka uruhusiwe. Kusingwa kifua, hata na bibi mwenye mkono mwepesi, hapana.

Titi moja likivimba ghafla na kukaza siku mbili za mwanzo, damu inavuja ndani: hospitali usiku huohuo. Homa ya 38, usaha au mshono kuachia ni vivyo hivyo. Wekundu uzungushie kalamu, uone kama unavuka mstari ukiwa njiani. Uliyeko Pemba anzia Abdulla Mzee, Mkoani, na daftari lako la mililita, wampigie simu aliyekupasua. Usijinunulie dawa za vijidudu dukani. Huficha homa, ugonjwa ukabaki.

Baada ya miezi au miaka, kovu linalokizunguka kipandikizi huweza kukaza, titi likawa gumu na kupanda juu, hasa palipopigwa mionzi. Vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza, lisilo laini, vimehusishwa na saratani nadra ya limfu, yaani ya chembe za kinga ya mwili. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa vyake sokoni duniani kote. Titi likijaa maji baada ya miaka, yavutwe yapelekwe maabara. Kadi yenye aina na namba ya kipandikizi iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.