London hadi Amsterdam kwa ndege: mambo ya kuzingatia kabla ya kukata tiketi

Kutoka Heathrow hadi Schiphol ni takriban kilomita 370 angani. Ndege hukaa hewani kama dakika 45, lakini tiketi itakuandikia saa moja na dakika 10 hadi 20. Muda huo wa ziada huliwa ardhini: foleni ya kuruka Heathrow na, kule Schiphol, njia ya kutua iitwayo Polderbaan. Iko mbali sana na jengo la abiria, na ndege ikitua huko huweza kutembea ardhini dakika 10 hadi 20 kabla ya kufika mlangoni. Kwa hiyo usipange mkutano kwa kuhesabu dakika ya kutua.

Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja, mwaka mzima, na tiketi huandika saa za kila mji. Ndege ya 08:00 inayofika 10:15 imetumia saa moja na robo tu. Ya kurudi ikiondoka 11:00, itaonekana kufika 11:15. Aliyezoea saa za Kiswahili ajiandikie kabisa: 07:00 ni saa moja asubuhi, 19:00 ni saa moja usiku.

Hati ndizo zinazokwamisha wengi. Visa ya Uingereza haikuingizi Uholanzi, wala ya Schengen (visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uholanzi ikiwemo) haikuingizi Uingereza. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji zote mbili, isipokuwa ana kibali cha ukaazi kinachomruhusu. Maombi ya Schengen kwa kawaida huchukua siku 15, nayo hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Kwa kawaida unaomba katika nchi unayoishi kihalali, kwa hiyo aliye London kwa matembezi tu asitegemee kuiombea huko. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen. Angalia pia idadi ya kuingia: ukifika Amsterdam kwa visa ya kuingia mara moja, ukavuka kwenda London, huwezi kurudi tena kwa visa hiyo. Mkazi wa Uingereza mwenye eVisa (kibali cha ukaazi cha kidijitali) ahakikishe pasipoti anayosafiria ndiyo iliyounganishwa na akaunti yake, la sivyo shirika la ndege linaweza kumzuia wakati wa kurudi.

Soma vizuri jina la uwanja, maana Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na London City vyote huitwa London. Mzigo nao upime nyumbani. Tiketi za bei ya chini mara nyingi huruhusu begi dogo la kuweka chini ya kiti tu.

Sasa jumlisha: saa moja kufika Heathrow, mbili uwanjani, saa moja na robo ya tiketi, dakika 45 za pasipoti na mizigo, kisha treni ya robo saa hivi hadi Amsterdam Centraal. Ni zaidi ya saa tano. Treni ya Eurostar kutoka kituo cha St Pancras, London, hadi Amsterdam huchukua kama saa nne, na ukaguzi wa pasipoti humalizika kabla ya kupanda. Ongeza saa moja na nusu ya kuwahi kituoni. Anayeishi karibu na St Pancras alinganishe bei zote mbili kwanza.