Somo: Gari la EFI la zamani linalogoma kuwaka asubuhi ya baridi

Wakuu, kipupwe kimeingia. Kuanzia Juni hadi Agosti, Sakina, Ngaramtoni na Njiro zina asubuhi za nyuzi 10 au 12, na ukipita mtaani saa kumi na mbili unasikia starta za majirani zikilia bila majibu. Somo hili ni la magari ya miaka ya tisini yenye EFI (petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta, si kabureta): Corolla 100 na 110, Carina, RAV4 ya kwanza, Noah ya 3S na ndugu zao. Vipimo nilivyoweka ni vya Toyota. Wenye Nissan na Suzuki fuateni mantiki, namba tafuteni za kwenu.

Kwanza tuelewane: nyuzi 10 si baridi ya kuzuia injini ya petroli kuwaka. Magari ya aina hii hii huwaka Hokkaido kwenye theluji. Likigoma Arusha, kuna kitu kilichochoka na baridi imekiumbua tu. Injini iliyolala usiku kucha inadai petroli ya ziada, hewa ya ziada na betri yenye nguvu, na injini ya moto haidai hata kimoja. Ndiyo maana sharti la somo zima ni hili: pima asubuhi, kabla gari halijawashwa. Ukilipeleka gereji saa nane mchana, limeshatembea kutoka Usa River, fundi hana ugonjwa wa kuuona. Atabadilisha plagi, utalipa, na kesho litagoma vilevile.

Hatua ya 1: Sikiliza

Piga starta sekunde tano hivi, acha, tafakari ulichosikia. Watu husema "gari haliwaki" kwa magonjwa matatu tofauti. Starta ikijivuta kwa uchovu, shida ni umeme mkubwa: betri, vichwa vyake, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini) au starta yenyewe. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini injini haishiki, ni petroli au moto wa plagi. Ikishika, ikatetemeka na kuzima, ila ukiikanyagia inabaki, basi hewa ya sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali) haitoshi. Usiende hatua inayofuata kabla hujajua uko kundi lipi.

Hatua ya 2: Betri

Mita kwenye betri kabla ya kufungua swichi: 12.6 imejaa, 12.2 ni kama nusu. Mtu mwingine apige starta huku unaangalia. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au starta inakula umeme mwingi. Safisha vichwa kwa msasa, na usisahau waya wa ethi kati ya injini na bodi. Nimeona watu wakinunua betri mpya kwa sababu ya boliti moja yenye kutu.

Hatua ya 3: Plagi zinakwambia nini

Baada ya kupiga starta mara tatu nne bila kuwaka, chomoa plagi moja. Imelowa na inanuka petroli? Petroli inafika, ila moto hakuna, ni dhaifu, au injini imezama mafuta. Ni kavu? Petroli haifiki, au inafika kidogo. Kipimo hiki hakina gharama na kinakupunguzia nusu ya kazi, lakini wengi wanakiruka.

Kama zimelowa, fungua kifuniko cha distributa, kinachogawa moto kwa kila plagi. Asubuhi za manyunyu unyevu hutanda ndani yake, na kifuniko chenye ufa kama unywele hupitisha moto pembeni. Kifute, kikaushe, kiangalie kwenye mwanga. Waya za plagi zipime kwa mita: uliozidi kiloomu 25 umekufa. Kama ni mafuta yaliyozama, kanyaga pedali hadi chini na upige starta ili hewa iingie kwa wingi.

Hatua ya 4: Sensa ya tempracha ya maji

Hapa tukae. Kwa gari linalogoma asubuhi tu na mchana ni zima, huyu ndiye mtuhumiwa wangu wa kwanza, na ni spea ya bei ndogo.

Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haijui kuwa kuna baridi. Inaambiwa na sensa iliyozama kwenye maji ya injini karibu na themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto). Sensa ni kipande ambacho ukinzani wake unapanda kadiri baridi inavyozidi: kwenye nyuzi 20 usome kati ya kiloomu 2 na 3, kwenye nyuzi 80 kati ya 0.2 na 0.4. Asubuhi ya Arusha tarajia 3 hadi 4. Ikizeeka ikaanza kusema "injini ina joto" wakati ni barafu, nozeli (zinazopuliza petroli kwenye injini) zinapewa amri ya kumwaga petroli ya injini ya moto, yaani kidogo. Unapiga starta mpaka betri inalia, plagi zimekauka.

Angalieni mambo mawili yanayowapoteza watu. Mshale wa dashibodi hausomi sensa hii. Mshale una sensa yake ya waya mmoja, ya kontroli boksi ina waya mbili. Kwa hiyo "mshale uko sawa" si ushahidi. La pili, taa ya injini haiwaki kwa sababu ya sensa muongo. Kodi namba 22, yaani namba ya hitilafu inayosomwa kwa kuhesabu mimweko ya taa ya injini, hutoka waya ukikatika au ukigusana tu. Sensa inayotoa namba ya uongo iliyo ndani ya mipaka, kontroli boksi inaiamini.

Kuna wanaoshauri kuchomoa soketi ya sensa ili gari liwake. Kwenye Toyota hizi haisaidii, kwa sababu sensa ikikosekana kontroli boksi hujichukulia kuwa maji yako nyuzi 80, uongo ule ule. Afadhali uende kwa fundi redio ununue rezista ya kiloomu 3.3, uichomeke kwenye soketi badala ya sensa, upige starta. Likiwaka mara moja, umemaliza upelelezi, kanunue sensa. Usitembelee na rezista hiyo, maana injini ikipata moto itaendelea kumwagiwa petroli ya asubuhi.

Hatua ya 5: Presha ya petroli

Sensa ikiwa nzima na plagi kavu, twende kwenye presha. Wengi hushauri ufungue swichi mara tatu bila kupiga starta ili pampu ijaze. Kwenye Toyota nyingi za zamani pampu haizunguki mpaka starta izunguke, kwa hiyo hapo unafungua na kufunga swichi tu. Tafuta kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, fungua swichi. Pampu italia muda wote. Acha sekunde chache, ondoa waya, piga starta. Kama sasa limewaka vizuri, presha ilikuwa inavuja usiku.

Ili kujua inavujia wapi unahitaji geji. Ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli), isome takriban 38 hadi 44 psi. Zima, subiri dakika tano: isishuke chini ya 21. Ikishuka, jaza tena, kisha bana mpira wa mafuta yanayorudi kwenye tenki. Presha ikibaki, regyuleta ndiyo mbovu. Isipobaki, rudia huku ukibana mpira unaotoka kwenye pampu. Ikibaki sasa, ni vali iliyo ndani ya pampu. Ikishuka kote kuwili, nozeli inadondosha, na plagi ya silinda hiyo utaikuta nyeusi. Mpira mkavu wa miaka 25 ukibanwa hupasuka, kwa hiyo tumia koleo butu lililofungwa kitambaa. Injini iwe baridi, sigara mbali, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, si kwenye buti.

Hatua ya 6: Hewa

Kwa wanaowasha na kuzima. Safisha throtobodi (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali) na njia ya vali ya sailensi kwa kabu kilina na mswaki, injini ikiwa imezimwa. Kwenye baadhi ya Corolla vali hii inafanya kazi kwa nta inayopashwa na maji ya rejeta, kwa hiyo maji yakipungua au fundi akiwa amepitisha mipira kando, sailensi ya asubuhi inavurugika. Usikimbilie kukaza skrubu ya sailensi. Mara nyingi ilishachezewa na watatu kabla yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Ngaramtoni, Carina): Mkuu asante kwa somo. Mimi nikipampu pedali mara nne tano ndio inawaka. Si dalili kwamba petroli haifiki?

Jibu: Hapana, mkuu. Pedali ya EFI haimwagi petroli injini ikiwa imezimwa, hayo ni mambo ya kabureta. Unapoikanyaga wakati starta inazunguka unafungua hewa. Anza hatua ya 6, na kama plagi zimelowa rudi kwenye nozeli.

Swali (Moshi mjini): Kaka, huku kwetu joto, gari yangu inawaka kama kawaida. Nikienda kulala kwa wazee Marangu, asubuhi nasukumwa na watoto wa ukoo mzima. Baridi ya huko ndo shida?

Jibu: Pole yao hao watoto. Moshi uko chini sana kuliko Marangu, kwa hiyo sensa iliyopotoka kidogo mjini inakusamehe, kule haikusamehi. Nenda na mita. Ukiamka, kabla ya chai, pima sensa na ufungue distributa, maana ukungu wa kule ni maji matupu.

Swali (Njiro): Nami nasukumwa. Fundi ameunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha DIAGNOSIS ili asome kodi, taa imetoa kodi 43, anataka kubadilisha starta.

Jibu: Dada, mwambie asubiri. Kodi 43 inasema kontroli boksi haikuona ishara ya starta kabla injini haijashika mzunguko. Gari lililowashwa kwa kusukumwa lazima litoe kodi hiyo. Futa kwa kuchomoa fyuzi ya EFI, washa kwa ufunguo, soma tena. Ikirudi, kuna waya wa STA (unaopeleka ishara ya starta kwenye kontroli boksi) uliokatika, na hapo kontroli boksi haijui kuwa unapiga starta, haiongezi petroli. Bado si starta.

Swali (Sakina): Chalii angu, fundi wangu alitoa themostati akasema huku kwetu haina kazi. Inahusiana?

Jibu: Inahusiana sana. Bila themostati injini haifiki joto lake, kontroli boksi inaendelea kuongeza petroli safari nzima, plagi zinajaa masizi, na asubuhi plagi zenye masizi hazirushi moto. Irudishe, safisha plagi, halafu ndiyo upime mengine. Tena kwa hali ya hewa ya Sakina!

Swali (Usa River): Shikamoo mkuu. Je, haiwezi kuwa mafuta ya kuchakachua?

Jibu: Marahaba. Inaweza. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi, kwa hiyo petroli iliyochanganywa nayo hugoma zaidi asubuhi. Kwa sababu ya mchezo huo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini kama umeshajaza vituo tofauti na tabia ni ile ile, waache wauza mafuta, fungua boneti.

Swali (Kijenge, RAV4): Nimefuata hatua zote. Fundi kapima kompresheni, silinda zote nne zipo 150 psi, kitabu kinasema 178. Injini imekwisha?

Jibu: Tulia kwanza. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa yetu ina takriban asilimia 85 ya presha ya Dar, na kitabu hakikuandikiwa huku. 150 zinazolingana silinda zote ni namba nzuri hapa. Hukuandika sensa ilisoma ngapi. Ipime kesho kabla ya kuwasha, uniletee namba pamoja na saa uliyopima.