Meza ya mvuto: namna ya kumlaza mgonjwa aliyevunjika paja ili mfupa unyooke na mwili usiumie

Misuli ya paja ina nguvu kubwa. Mfupa ukishakatika, misuli hiyo huvuta vipande vikapishana, mguu ukawa mfupi na unyayo ukaangukia nje. Meza ya mvuto imeundwa kuishinda nguvu hiyo: inavuta unyayo kuelekea chini huku nguzo iliyo msambani ikiuzuia mwili usifuate, na mguu unabaki pale ulipowekwa mpaka kazi iishe. Tatizo ni kwamba nguvu ileile inayonyoosha mfupa ndiyo inayobana neva za msamba, ngozi ya kinena na neva kubwa iendayo mguuni. Mgonjwa aliyechomwa ganzi ya mgongo au aliyelala usingizi hawezi kusema kuwa anaumia. Wenye kumlinda ni wale waliomlaza.

Maelezo haya yanamhusu mtu mzima anayelala chali ili awekewe chuma ndani ya mfupa wa paja, au skurubu kwenye nyonga. Kitabu cha meza yenu na maagizo ya daktari mpasuaji vitangulie pale vinapotofautiana na yaliyoandikwa hapa.

Kabla mgonjwa hajaingia

Unga meza yote ikiwa tupu. Zungusha skurubu ya mvuto mwanzo hadi mwisho, kisha irudishe ili ibaki na nafasi ya kutosha kuvuta. Kosa la kukuta skurubu imefika mwisho katikati ya kazi hutokea mara nyingi, na kulirekebisha maana yake ni kulegeza kila kitu mgonjwa akiwa tayari juu ya meza. Kaza kila kibano, halafu kivute kwa mkono. Kibano kinachoteleza kwa mkono wako kitateleza kwa uzito wa mguu. Soma kibati cha uzito unaoruhusiwa, kwa kuwa meza ikishatolewa sehemu ya miguu, mzigo wote huegemea upande mmoja.

Weka karibu pamba ya plasta roli nne au zaidi, bandeji za krepu za upana wa sentimita 15, sponji au mito midogo, mikanda miwili, na shuka la kuhamishia. Ingiza siamu, ile eksirei yenye mkono wa umbo la C, ipite chini ya meza kuanzia nyonga hadi goti. Kama gurudumu linagonga mguu wa meza, ni bora lijulikane sasa.

Angalia pia mguu wenyewe. Kidonda kisiginoni, malengelenge, au kifundo kilichovunjika upande huohuo vinamaanisha kiatu cha mvuto hakifai. Mwambie daktari mapema ili aamue kuvuta kwa pini iliyopitishwa kwenye mfupa, mahali ambapo pini haitakutana na njia ya chuma.

Kumhamisha, na ile nguzo

Ganzi au usingizi hutolewa kwanza, akiwa bado kwenye kitanda chake. Kumburuta mtu mwenye paja lililovunjika akiwa na fahamu zake zote ni kumtesa bila sababu. Funga breki za pande zote mbili. Wanahitajika watu wasiopungua watano: mtaalamu wa usingizi kichwani, ambaye ndiye anayehesabu na kutoa amri, wawili kwenye kiwiliwili, mmoja kwenye mguu mzima (yaani usiovunjika), na mmoja ambaye kazi yake ni mguu uliovunjika peke yake. Huyu wa mwisho anashika kifundo kwa mkono mmoja na nyuma ya goti kwa mkono mwingine, anavuta taratibu kufuata mstari wa mguu, wala haachii mpaka kiatu kifungwe.

Nguzo ya msamba ndiyo chanzo cha madhara mengi ya meza hii. Iwe nene: ikiwa imevikwa sponji yake, kipenyo kizidi sentimita 10. Nguzo nyembamba hukusanya nguvu yote mahali padogo, na neva ya pudenda, ile iendayo sehemu za siri, ikibanwa mgonjwa huamka na ganzi ya sehemu za siri, wanaume wengine hushindwa kusimamisha uume kwa wiki au miezi. Sponji iliyochakaa hadi chuma kikahisika kwa kidole itupwe. Kuizungushia taulo hakutoshi, maana taulo hujikunja, na kila kunjo huchora ngozi.

Nguzo ikae kati ya sehemu za siri na mguu mzima. Msogeze mgonjwa chini hadi msamba uguse nguzo kabla hujavuta chochote. Ukiacha nafasi ya vidole viwili, mvuto wa kwanza utaburuta mwili mzima hadi ugonge nguzo, na ngozi itachubuka. Kisha tumia macho na mkono: korodani na uume viwe huru, visibanwe wala kukunjwa, kwa mwanamke, mashavu ya uke yasivutwe chini ya sponji. Mrija wa mkojo upite juu ya paja, usipite kati ya mwili na nguzo. Ukaguzi huu unarudiwa baada ya kuvuta, kwa sababu mwili husogea. Mfunike mgonjwa mara tu unapomaliza.

Kiatu kisichochomoka

Zungushia unyayo na kifundo pamba ya plasta tabaka mbili au tatu, ukiongeza kwenye kisigino, juu ya unyayo na kwenye vifundo vya pembeni. Ingiza mguu mpaka kisigino kikae chini kabisa, ukisukuma goti kidogo kuelekea kwenye kiatu. Kisigino kinachoelea ndiyo sababu kuu ya kiatu kuchomoka, kwa kuwa mvuto ukianza, unyayo huteleza ule upenyo mdogo, mikanda inalegea, na kilichobaki ni kuteleza moja kwa moja. Funga mikanda, kisha zungusha bandeji ya krepu juu ya kiatu na kifundo kwa mtindo wa nane. Usikaze hadi damu isipite: vidole vibaki wazi, ukibonyeza ukucha rangi irudi ndani ya sekunde mbili.

Mguu mzima

Kuna desturi ya kuupandisha mguu mzima kwenye kishikio, goti na nyonga vimekunjwa, kama mama anayejifungua, ili siamu ipate nafasi. Kwa kazi ndefu tunaipinga desturi hiyo. Mguu ukiwa juu ya moyo, msukumo wa damu unapungua. Shavu la mguu likiegemea kishikio, shinikizo ndani ya misuli linapanda. Saa zikipita, misuli ya mguu ambao haukuwa na tatizo lolote inaweza kufa, na mgonjwa akahitaji kupasuliwa mguu wa pili ili kuiokoa.

Njia salama zaidi ni kuufunga mguu mzima kwenye kiatu chake, umenyooka, ukapanuliwa pembeni au ukashushwa chini kidogo huku ule uliovunjika ukiinuliwa kidogo, miguu ipishane kama mkasi. Usiushushe kupita kiasi, maana neva ya mbele ya paja nayo huvutika. Uvute kidogo pia. Usipofanya hivyo, kiuno kitazunguka kwenye nguzo upande mmoja unapovutwa, na vipimo vyote vya urefu vitakudanganya. Mguu usiegemee chuma kwa nje, chini kidogo ya goti, kwenye shingo ya fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje. Neva inayoinua unyayo imepita hapo juu ya mfupa, karibu chini ya ngozi.

Mkono wa upande uliovunjika ukunjwe juu ya kifua, uwekewe mto na ufungwe kwa upole ili usizuie chuma kuingia kutokea nyonga. Mkono mwingine ukae kwenye ubao, kiganja kikitazama juu, usifike nyuzi 90 kutoka mwilini. Ngozi isiguse chuma cha meza popote, kwani umeme wa diathemi, kifaa cha kukatia na kuzuia damu, unaweza kutokea hapo na kuunguza.

Kuvuta na kusoma picha

Hapa haraka haina baraka kweli. Anza mguu ukiwa umenyooka au umepanuliwa nje kidogo. Kwa mvunjiko wa karibu na nyonga, vuta mpaka urefu urudi, kisha geuza unyayo ndani nyuzi 10 hadi 15. Piga picha ya mbele, halafu ya pembeni. Picha ya mbele inaweza kupendeza huku ile ya pembeni ikionyesha kipande kimelala nyuma kwa uzito wa paja. Mvuto peke yake hauponyi hali hiyo, na kuongeza nguvu huzidisha. Weka tegemeo lenye sponji chini ya paja, pale palipolala, uinue taratibu mpaka mstari unyooke.

Kwa mvunjiko wa katikati ya paja na chuma kinachoingilia juu, kiwiliwili kisogezwe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea upande mzima, na mguu uingizwe ndani kidogo, kuelekea mguu wa pili, ili nyonga isizibe njia. Uingize mwishoni, baada ya urefu kupatikana, na kwa kiasi kinachohitajika tu: kuvuta kwa nguvu mguu ukiwa umeingizwa ndani kunaongeza mbano kwenye nguzo.

Mzunguko ndio unaosahaulika. Kabla hujaanza, piga picha ya nyonga nzima, kifuniko cha goti kikitazama juu, na uhifadhi umbo la trokanta ndogo, kile kinundu cha upande wa ndani juu ya mfupa wa paja. Baadaye linganisha na upande uliovunjika, kifuniko cha goti kikiwa vilevile. Trokanta ikionekana kubwa zaidi au ndogo zaidi kuliko upande wa pili, mguu umejizungusha. Tofauti inayozidi nyuzi 15 mgonjwa ataibeba katika kutembea kwake mpaka irekebishwe kwa upasuaji mwingine.

Mgonjwa aliyekaa wodini siku nyingi misuli yake imefupika. Mwombe mtaalamu wa usingizi ahakikishe misuli imelegea vya kutosha, vuta kidogo, subiri dakika chache, vuta tena. Mvunjiko wa wiki tatu au zaidi, ambao umeshaanza kuota mfupa mpya, mara nyingi hautafunguka kwa skurubu ya meza. Kuendelea kukaza ni kuumiza msamba bure. Daktari afungue mahali pa mvunjiko aachanishe vipande kwa mkono.

Picha zote mbili ziwe nzuri kabla shuka tasa halijafunguliwa. Ukishafunika, kila marekebisho yanafanywa kwa kupapasa chini ya kitambaa. Unaposafisha ngozi, zuia spiriti na ayodini visitiririke hadi kwenye nguzo. Maji hayo yakituama chini ya msamba huunguza ngozi, na spiriti ambayo haijakauka hushika moto diathemi inapowashwa.

Andika saa mvuto ulipoanza ukutani au ubaoni, kila mtu aione. Chuma kikishapita mahali pa mvunjiko, mkumbushe daktari kulegeza mvuto kabla ya kufunga skurubu za upande wa goti. Ukiachwa, vipande vitafungwa vikiwa na mwanya kati yao, na mwanya huchelewesha kuunga. Kulegeza huko kunaipumzisha pia neva.

Kazi ikiisha, kagua msamba, visigino na mashavu ya miguu yote miwili kabla mgonjwa hajatoka. Ganzi ikiisha, mwambie ainue unyayo, muulize kama anahisi sehemu za siri. Shavu la mguu lililokakamaa, na maumivu makali yanayozidi vidole vikinyooshwa, hata kama ni mguu mzima, aitwe daktari saa hiyohiyo.

Meza ya mvuto isipokuwepo

Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina meza hii, na paja linatengenezwa vizuri vilevile. Chuma cha SIGN, ambacho shirika lake lilianzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, kiliundwa kwa ajili ya mahali pasipo na siamu: skurubu zake hulengwa kwa kifaa cha kulengea kilicho nje ya mwili, na kimetumika Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na hospitali nyingine za ukanda huu.

Kwa chuma kinachoingilia juu, mgonjwa hulazwa ubavu, mguu uliovunjika juu. Weka vizuizi viwili, kimoja mbele ya kiuno na kingine nyuma, vikazwe hadi mtu akimsukuma mgonjwa asiyumbe. Roli ya shuka iwekwe chini ya kifua, upana wa kiganja kutoka kwapani. Ikiwekwa ndani ya kwapa itabana neva za mkono. Mto uwekwe chini ya goti la chini, upande wa nje. Msaidizi huvuta kwa mikono, na kwa kuwa huchoka, awepo wa kumpokea.

Chuma kinachoingilia gotini huhitaji goti lililokunjwa nyuzi 30 hadi 50 juu ya roli ngumu, na cha muundi huhitaji zaidi ya nyuzi 90 juu ya pembetatu. Katika hali zote mbili tegemeo likae chini ya paja, lisikae kwenye kikunjo cha nyuma ya goti ambako mishipa mikubwa ya damu na neva zimepita. Pembetatu inaweza kuchongwa na fundi seremala. Iunganishwe kwa gundi na vijiti vya mbao, maana mbao hupitisha eksirei lakini misumari ya chuma itaonekana kwenye picha juu ya mfupa unaoutafuta. Ipakwe vanishi ili ioshwe, pembe zake zisuguliwe hadi ziwe duara, na ikiingia eneo la upasuaji ivikwe kitambaa tasa tabaka mbili.