Kutunga kipande cha ganuni, fidla na selo: ninavyofanya mimi

Wengi wetu Unguja masikio yetu yamelelewa na okestra ya taarab: safu ya fidla, ganuni (sanduku la nyuzi nyingi za kudonoa), udi, akodiani, besi, wote kwenye sauti moja na kila mtu na madoido yake. Ukiteleza, mwenzako anakusitiri. Mkiwa watatu hakuna wa kukusitiri.

1. Makamu (ngazi ya sauti za wimbo) ichague kwa kuiangalia ganuni

Fidla na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, zinafuata sauti yoyote, kidole tu. Ganuni ina nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, na ubavuni vikono vidogo vya chuma vya kuipandisha au kuishusha. Anzia makamu ya bayati kutoka re: re, mi iliyoshushwa robo toni, fa, sol, la, si bemoli (iliyoshushwa nusu toni), do. Ukitaka kuhamia makamu ya hijazi, unaishusha mi zaidi na kuipandisha fa, basi. Lakini vikono hugeuzwa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hapo mwandikie mpigaji mkono wa kulia peke yake. Watunzi wengi husahau hili, kisha wanamlaumu mpigaji.

2. Imba kwanza

Vipimo 8, rekodi kwa simu. Pumzi ikikukatikia katikati, punguza.

3. Gawa kazi

Hapa ndipo penye kazi hasa. Sauti ya ganuni huanza kufa pale pale risha, kile cha kudonolea, inapoachia uzi; uta wa fidla au selo huishikilia utakavyo. Basi sauti ndefu wape wenye uta, mbio mbio ipe ganuni. Usiitetemeshe ganuni mwanzo hadi mwisho kuziba pengo. Mkono unauma na sikio linachoka.

Selo nayo si besi. Katika kipande changu cha kwanza niliibakisha kwenye re karibu muda wote. Mzee mmoja wa taarab alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na huyu bwana, amewekwa alinde mlango?" Siku hizi naipandisha kwenye uzi wake wa la, inakoimba kama mtu. Ikirudi chini, naiweka kwenye re, sol au la. Ile mi ya robo usiirundikie sauti nyingine chini yake, itasikika kama makosa.

Na mmoja anyamaze. Fidla iulize, ganuni ijibu, selo isubiri. Inapoingia, msikilizaji atageuza shingo.

4. Umbo

Mimi huazima la bashrafu, kipande cha ala bila kuimba: khana (sehemu) nne, na baada ya kila moja taslimu (kiitikio) ile ile inarudi. Kabla ya khana ya mwisho naacha taksimu ya ganuni, anachobuni mpigaji papo hapo. Siiandiki, naandika "bayati" na kuacha nafasi wazi, selo ikishikilia re.

5. Karatasi

Fidla ufunguo wa sol, selo wa fa. Programu ya kompyuta ikikupigia mi isiyo na robo, usiiamini, wala usibadilishe noti kwa ajili yake.

6. Mazoezi

Daraja la ganuni limekaa juu ya ngozi, na masika ngozi hunywa unyevu, nyuzi zote zikahama. Mwite mpigaji ganuni nusu saa kabla ya wenzake, na umwachie chumba kimya. Kisha pigeni taslimu peke yake mara tatu, penseli mkononi.