Jinsi ya kuomba opsheni fupi yako ipokelewe kwenye Git

Pachi (faili la mabadiliko ya kodi unayowatumia watunzaji wa Git) ya opsheni mpya inaweza kurudishwa kwa kosa moja: mtu kaandika testi ya --dry-run, yaani jina refu la opsheni, ile fupi yake -n hajaigusa. Anadhani ndefu ikipita na fupi imepita, kumbe kwenye kodi ya C ile herufi inaandikwa peke yake pembeni ya jina refu, ukikosea herufi au ukaacha 0 (maana yake hakuna herufi fupi) ile ndefu inaendelea kufanya kazi kama kawaida na testi zote kijani.

Kwanza angalia kama herufi iko huru, andika git add -h uone zilizochukuliwa. Halafu jiandae kuulizwa kwa nini hiyo, maana -n kwenye add na push ni kujaribu tu bila kufanya kweli, kwenye commit inaruka hook za ukaguzi (skripti zinazojiendesha zenyewe wakati wa kukomiti), kwenye clone inaacha kutoa mafaili. Vurugu tupu, ila ndo ilivyo.

Pili testi. Ziko folda ya t, majina kama t7508-status.sh, tafuta faili la komandi yako uongezee humohumo usianzishe jipya:

test_expect_success '-n ni sawa na --dry-run' '
	>mpya &&
	git add --dry-run mpya >expect &&
	git add -n mpya >actual &&
	test_cmp expect actual
'

Usisahau zile &&. Na cheki expect isiwe tupu, faili mbili tupu zinafanana siku zote, mimi nishawahi kupitisha testi ya hivyo na nikajisifu.

Kama opsheni inabeba thamani (kama -m inavyobeba ujumbe) jaribu na ikiwa imeunganishwa na herufi nyingine. git commit -am "ujumbe" inakubali, geuza iwe -ma uone: ujumbe wako unakuwa "a" na yale maneno yako Git inayatafuta kama faili.

Tatu, make (inajenga Git upya), ingia t, endesha faili uliloongezea, kwa mfano huu wa add ni sh t3700-add.sh -v -i. Ikipita badilisha herufi kwenye kodi makusudi, make tena, endesha testi tena, lazima ifeli. Isipofeli hiyo testi hailindi kitu.

Mwisho komiti kwa -s (inaweka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, bila huo hawapokei), testi na maelezo ya Documentation viende na kodi, git format-patch itengeneze pachi, git send-email iitume kwa barua pepe. Ukiambiwa urekebishe tengeneza pachi tena kwa format-patch -v2 uitume, na ulichobadilisha kiandike chini ya ule mstari wa --- ndani ya pachi, hapo hakiingii kwenye historia.